Prof Aliyeuliza Upande

Ilianza Alhamisi, saa kumi na moja kasoro dakika kumi za jioni. Nilikuwa uani natwanga isombe, majani ya muhogo, na Mama alikuwa ametoka tu jikoni kunigombeza kwamba kwa mwendo wangu huo tutakula kesho. Mlango wa bati wa parsele yetu ukagongwa, polepole. Nikafungua na mchi mkononi. Alikuwa Mama Fiston, mke wa Prof, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Jabe. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu mwanawe alipokufa.

"Mjomba yako iko?"

Nikaitika kwa kichwa. Mi huitika kwa kichwa.

"Umuambie Prof anamuita. Leo, si kesho." Akautazama mchi kama hajawahi kuona mchi. "Na umuambie ni mi nimekuya na miguu yangu. Akitaka kukatala, akatale akiniangalia."

Kabla sijaandika yaliyofuata jioni ile, lazima niandike Prof ni mtu gani, maana asiyemjua atafikiri ni kelele za wazee wawili juu ya kamiyo. Mjomba ni kaka yake Mama. Ni dereva wa lori. Analala chumba cha mbele kwetu, na kamiyo yake inalala nje barabarani, kando ya ukuta wa Prof. Fiston, mtoto wa kwanza wa Prof, alikufa kwenye barabara ya Bugarama akishuka na velo, yaani baiskeli, iliyojaa ndizi: alijigonga nyuma ya kamiyo hiyo, nayo imesimama. Tangu siku ile Prof alikuwa na neno moja tu. Alitaka Mjomba akubali kwamba kamiyo ilisogea. Mjomba alisema haikusogea. Na mpaka akubali, Prof alikataa kuganduka, ile siku ambayo familia inakaa na watu, inakunywa, inaongea, halafu inaufunga msiba. Msiba usipofungwa hakuna harusi. Dada yake Fiston, Nadine, alikuwa na mchumba Kinama, na familia ya mchumba ilikuwa imeanza kuchoka.

Sasa Prof mwenyewe.

Alifundisha fizikia, na mwalimu wa filozofia alipokosekana alifundisha filozofia pia, kwa chaki ileile. Nilipomfahamu alikuwa ameshastaafu, lakini bado alivaa viatu vyeusi vilivyong'aa hata msimu wa tope, na aliinua miguu kama jogoo ili visichafuke. Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alipiga konzi. Akikupiga alisema, "Hii konzi haitapotea, itabaki ndani yako," halafu akaendelea na hesabu.

Mlango hakuuachia ujifunge wenyewe. Aliusindikiza kwa kiganja mpaka ukakaa mahali pake bila sauti. Nikiwa mdogo niliuachia mlango wao ukapiga pwaa, akaniita nirudi.

"Ule ukuta umekukosea nini?"

Nikautazama ukuta.

"Umeupiga. Haujakuuliza kitu, na we umeupiga."

Nikarudi, nikaufunga upya, mkono wangu chini ya mkono wake.

Neno lake lilikuwa "Upande gani?" Mtoto akija mbio, "Prof, Prof, nimekimbia toka sokoni bila kusimama!" yeye aliuliza, "Upande gani?" Mtoto anaduwaa, maana toka sokoni ni toka sokoni. Padri wao aliwahi kumaliza mahubiri kwa kusema sasa ndugu zangu tusonge mbele, na mlangoni Prof akamshika mkono akamuuliza mbele ni upande gani. Mama Fiston alisema siku hiyo alitamani ardhi immeze. Sisi watoto tulimwita Prof Upande akiwa mbali. Naamini alijua.

Jumamosi alitufundisha bure kwenye baraza yake. Hakutufundisha ya mtihani, ndiyo maana wazazi wengine waliwatoa watoto wao. Alikuwa amevunja kiti cha zamani akatengeneza fremu, na kwenye fremu amening'iniza gololi za chuma kwa nyuzi, zile kubwa zinazotoka ndani ya magurudumu ya kamiyo. Mjomba ndiye aliyempa. Wakati ule walikuwa marafiki, walikuwa wakiamkiana juu ya ukuta, mmoja anasema bonjour na mwingine anajibu salaam aleikum, wanacheka.

Prof aliinua gololi moja, akaiachia, ikagonga ya pili, ya kwanza ikasimama na ya pili ikaondoka.

"Ule mwendo umeenda wapi?"

"Kwa ile ingine, Prof!"

"Ndiyo. Haukupotea. Umehama tu."

Halafu alitusimulia habari za Mfaransa mmoja wa zamani sana, karibu miaka mia nne. Hakututajia jina, alisema jina mtakariri na mawazo mtaacha. Mfaransa huyo aliandika kwamba Mungu alipoumba dunia aliitia mwendo, kipimo fulani, na tangu siku ile hakuongeza wala hakupunguza. Anashika tu, asubuhi na jioni, kipimo kilekile. Kitu kimoja kikipoteza mwendo, ujue kingine kimepokea. Prof alimwongelea Mfaransa kama mtu anavyomwongelea shemeji mwenye akili na kichwa kigumu.

"Alikuwa na akili kushinda Jabe yote," alisema, "na alikosea kama mutoto. Alikosea mara mbili. Ya kwanza: alihesabu ukubwa, akahesabu kasi, akasahau upande. Gololi mbili zinazokutana uso kwa uso si sawa na gololi mbili zinazofuatana! Upande ni nusu ya habari. Ya pili..." Hapo alisimama kutafuta bakuli.

Kosa la pili aliyeliandika ni Mfaransa, lakini aliyelibeba moyoni ni Prof. Mfaransa alisema kitu kidogo kinachokimbia hakiwezi hata siku moja kukisogeza kitu kikubwa kilichotulia. Kidogo kitadunda na kurudi na mwendo wake wote, na kikubwa hakitajua kitu. Prof alikuwa na jiwe la kusagia, zito, akalifunga kamba kwenye boriti. Juu ya jiwe aliweka bakuli la maji. Akalipiga jiwe kwa gololi moja.

"Limesogea?"

"Apana, Prof."

"Angalieni maji."

Maji yalikuwa yanatetemeka, mistari midogo ya duara.

"Ni maji tu, Prof," akasema mmoja.

"Ni maji tu! Maji yamejua na we hujajua. Jiwe limesogea. Ni macho yenu ndiyo mabovu."

Siku nyingine alituambia tufinyange madonge mawili ya udongo, akayagonganisha. Yakashikana, yakasimama palepale. Akasema hapa ndipo wazee wa Ulaya waligombana miaka na miaka, kwa barua na matusi. Mjerumani mmoja akaja akasema Mfaransa amehesabu vibaya, kasi lazima uizidishe kwa yenyewe, na kile unachoona kimepotea kimeingia ndani, kwenye vipande vidogo usivyoviona. Sikuelewa vizuri mpaka aliponigeukia mi, naye hakuwa amewahi kuniuliza kitu mbele ya watu.

"We, ukitwanga isombe, mchi unashuka, unasimama. Mwendo umeenda wapi?"

Masikio yangu yalichemka. Watoto wote waliniangalia. Nikasema chini chini, "Kwa majani."

"Na wapi tena?"

"Kwa mikono."

"Na wapi tena?"

Nikaangalia viganja vyangu.

"Kwa ukuta wangu, mwana wanje! Kila jioni nikikaa kwa kiti changu nakusikia humu." Akajipiga mgongoni, na watu wakacheka, lakini hawakunicheka mi. Tangu hapo nikitwanga najua kuna mtu upande wa pili anapokea.

Lazima niandike pia mabaya yake, la sivyo nitakuwa nadanganya. Alifundisha mwendo maisha yake yote na aliogopa velo. Hakupanda hata moja. Kwenda mjini alitembea, na akiona moto-taksi anakaza tumbo. Aliongea juu ya upole kwa ukuta, lakini mke wake aliweza kumaliza siku nzima bila kuambiwa neno. Na Fiston alimfanyia vibaya.

Fiston alikuwa na diploma. Alikaa nayo nyumbani, anazunguka Mutanga Nord na mjini kati kuacha dosye za kuomba kazi, anarudi anacheka. Alikuwa anacheka sana. Mi aliniita Madmazeli Kimya, na ni yeye peke yake aliyeniita hivyo nisiumie. Siku moja akanunua velo ya kubebea ndizi. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta.

"Nilikusomesha ili ubebe ndizi?"

"Papa, we unafundisha mwendo. Mi nitautumia."

Prof hakucheka. Hakumwongelesha tena, wiki baada ya wiki. Lakini kila alfajiri, Fiston akitoka, Prof alisimama barabarani na viatu vyake vinavyong'aa, anajifanya anaangalia mawingu.

Wabeba ndizi wanafanya hivi: kushuka toka Bugarama wanashuka wenyewe, na ndizi mgongoni mwa velo, makona kwa makona, breki ni soli ya kiatu. Kupanda ndiyo shida, ni mlima mpaka mwisho. Basi wanaishika kamiyo nyuma kwa mkono mmoja, inawavuta. Imekatazwa, na kila mtu anafanya. Fiston alikuwa na bahati, kamiyo yake ya kushika ilikuwa inalala kando ya ukuta wao. Mjomba akiona mkono wake kwenye kioo alikuwa anapiga honi ndogo ya kumsalimia.

Siku aliyokufa pia ilimpandisha. Jioni Mjomba akiwa anashuka, breki zilipata moto, akasimama kwenye kona zipoe. Fiston akatokea nyuma.

Mjomba alikuja mwenyewe kwenye msiba. Alisimama mbele ya mkeka, mbele ya watu wote, kofia mkononi, akaeleza: alisimama vizuri, alivuta breki ya mkono, aliweka mawe kwenye magurudumu, alikata matawi akayatandika barabarani nyuma ya kamiyo kama kila dereva anavyofanya, wanaokuja wajue kuna gari limesimama. Polisi waliyaona matawi. "Na kamiyo haikusogea hata kidogo. Wallahi, hata sikuhisi kitu."

Alitaka kusema hana kosa. Prof, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, akakiinua.

"Umesema nini?"

"Haikusogea, Prof."

"Haiwezekani."

"Wallahi haikusogea."

"Haiwezekani!" Akasimama, viatu vyake vimejaa vumbi, mara ya kwanza naviona hivyo. "Ilisogea! Lazima ilisogea!"

Watu wakamshika. Wote walielewa kwamba anamshitaki Mjomba, kwamba hakuvuta breki. Mjomba alielewa hivyo pia, na kuanzia hapo akafunga mdomo. Mama akaacha kwenda kwao, Mama Fiston akaacha kuja kwetu. Bonjour na salaam aleikum za juu ya ukuta zikaisha.

Mi niliendelea kwenda Jumamosi. Hakuna aliyenikataza, labda kwa sababu nikipita hakuna anayeona. Watoto wengine waliacha mmoja mmoja, maana Prof alianza kunyamaza katikati ya somo. Jumamosi moja tulikuwa wawili tu, mi na yeye, na ile fremu. Ndipo akaniambia.

"Mi simushitaki mjomba yako. Wanafikiri namushitaki. Asubuhi ile kamiyo ilimupandisha mutoto, ilimupa mwendo wake. Jioni akaurudisha." Akagusa gololi kwa kidole, hakuisukuma. "Nataka kujua tu kama ilipokea. Kama haikupokea, basi Mfaransa alisema kweli, kidogo hakiwezi kitu mbele ya kikubwa. Na mi nimefundisha uongo, na mutoto wangu alidunda tu kama gololi."

Nilitaka kwenda nyumbani kumwambia Mjomba maneno hayo, na njiani niliyapanga vizuri, lakini Mjomba alipouliza "We unataka nini?" nikasema nataka kiberiti.

Msimu ule mafuta yalikosekana mjini. Foleni ya magari kwenye stesheni ya esanse ilizunguka mitaa, madereva wanalala humo, na ili wasiwashe injini walisukuma magari kwa mikono kila foleni iliposogea. Prof, asiye na gari, alikuwa anaenda kuangalia. Nilimwona nikitoka shule. Alisimama kando ya foleni, mikono nyuma, anasema kwa sauti, "Mmeona? Wa nyuma anatoa, wa mbele anapokea!" Dereva mmoja, jasho linamtoka, akamwambia, "Mutama, mzee wangu, kama hausukume, toka kwa jua yangu." Prof akavua koti, akanipa nilishike, akasukuma. Alisukuma magari ya watu asiowajua mpaka shati likamganda. Kila gari kubwa lilipoanza kuondoka taratibu, aligeuka kuniangalia. Nilikuwa najua anachotaka niseme. Nikasema, "Limesogea, Prof." Akaenda kwenye lingine.

Halafu akaja yule mtu wa Kinama. Familia ya mchumba wa Nadine ilimtuma, nadhani kwa nia njema. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa kwenye baraza. Alisema alikuwa ndani ya kabini siku ile, Mjomba alimpa lifti.

"Kamiyo ilisogea, Prof. Mi nathibitisha. Nilikuwa na kikombe cha chai hapa mbele yangu. Kikaruka, pa! kikaenda kugonga kioo."

Mama Fiston, aliyekuwa mlangoni, alishika khanga yake kifuani. Prof akainama mbele.

"Kilienda kwa kioo?"

"Kwa kioo kabisa, Prof. Kikapasuka."

Prof akaingia ndani, akarudi na sinia na gololi moja. Akaweka gololi katikati ya sinia, sinia mezani, akaisukuma sinia toka nyuma, ghafla. Gololi ikabingirika ikaja kwake.

"Kama kamiyo imesukumwa toka nyuma, inaenda mbele, na kikombe kinabaki. Kinakuya kwako. Kwa magoti yako. Ungekuwa mule ndani ungechomeka na chai." Akaongea kwa upole, kama anasahihisha daftari. "Enda kwenu, bwana. Hukuwa pale."

Mtu wa Kinama aliondoka bila kuaga. Mama Fiston akakaa chini palepale mlangoni. "Mana yanje, Mungu wangu," alisema, "si ungemukubalia tu? Si ungekubali, yaishe?" Prof akachukua sinia na gololi, akaingia ndani. Tulikuwa wanne kwenye baraza ile, na hakuna aliyeyasema nje: mtu wa Kinama kwa aibu, wao kwa huzuni, na mi kwa kuwa ndivyo nilivyo.

Wiki zilizofuata tansiyo, presha ya damu, ikampiga Prof. Walimkuta chini kando ya kitanda. Majirani walijaa mlangoni wanaambiana, "Amepooza upande, amepooza upande," na yeye, mdomo umekwenda kando, akatoa sauti. Mi peke yangu nilielewa. Alikuwa anauliza upande gani. Wa kuume, Prof. Nilicheka, halafu nikajificha nyuma ya tanki la maji nikalia.

Tangu hapo mi ndiye niliyekuwa nasema maneno yake. Maneno yake yalitoka kama yamepita kwenye tambara, na nadhani mtu asiyesema sana anapata nafasi ya kusikia. Nilikwenda kila baada ya shule. Anaguna, nasema: anataka maji. Anaguna, nasema: anasema dirisha. Kwa nusu saa hiyo kila siku nilikuwa na sauti.

Sasa Alhamisi.

Mjomba alikuwa amesikia kila kitu nyuma ya pazia. Mama akaenda akasimama mbele yake. "Enda, kaka."

"Nikaseme nini?"

"Sema chenye anataka," akasema Mama Fiston toka mlangoni, hakungoja kuitwa. "Daktari amesema tansiyo itarudia. Wakwe wa Kinama wamesema mwezi huu ao basi. Sema ilisogea. Kama ni uongo, uongo wangu. Mi nitaubeba." Halafu akanigeukia. "Na we kuya, utatufasiria."

Mjomba akavaa kofia. Tukapita kando ya kamiyo. Nyuma, kwenye chuma, kuna mahali pamebonyea kidogo, ukubwa wa sahani. Hajawahi kupanyoosha. Alipita bila kupaangalia.

Chumba cha Prof kilikuwa na joto na harufu ya dawa. Fremu ya gololi ilikuwa mezani, ina vumbi. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, na Mama Fiston alikuwa bado anavipiga brashi. Mjomba akasimama karibu na mlango, akavua kofia.

"Kaa," akasema Mama Fiston.

"Nitasimama, mama."

Prof akaongea. Nikasema, "Anasema hajakuita kwa ubaya."

"Mutama, mi nilishasema yote mbele ya watu."

Prof akatikisa kichwa, akaongea tena, kwa kirefu, na mate yakamtoka. Nikayafuta. "Anasema, usiseme kile ulihisi. Useme kile uliona. Ulikuwa ndani ya kabini. Uliona nini?"

Mjomba akaangalia kofia yake. Nje, mtu alipita na velo, akapiga kengele. Mjomba alishtuka kama amechomwa.

"Tasbihi," akasema.

"Sema ilisogea," Mama Fiston akanong'ona. "Sema tu."

"Apana, mama. Sitasema kitu sikuona. Niliona tasbihi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa kwa siti, nakula karanga. Nikasikia kishindo, kidogo tu, nikafikiri ni jiwe imetoka mlimani. Tasbihi yangu iko pale, imefungwa kwa kioo cha katikati. Ikacheza. Hakukuwa na upepo. Kila siku naiona ile tasbihi, nikifunga macho naiona."

Prof akainua mkono wa kushoto. Akaongea, na hakuna aliyehitaji nifasirie. Mtu yeyote wa Jabe angejua.

Upande gani?

Mjomba akafikiri. Nilijua jibu la uongo ni lipi, lile la kikombe cha mtu wa Kinama, maana ndilo linalokuja kwanza kwa kila mtu.

"Ilikuya kwangu," akasema. "Ni ajabu, kwa sababu kamiyo inaangalia chini, kwa mteremko. Lakini haikuenda kule. Ilikuya kwangu, hapa, usoni. Nikarudisha kichwa nyuma. Njo baadaye ikaenda."

Prof aliniangalia. Jicho lake lilikuwa linauliza: we ulimwambia? Nikatikisa kichwa. Sikumwambia. Sijawahi kumwambia mtu.

Akafumba macho. Machozi yalitoka jicho la kushoto tu, la kulia lilikuwa kavu. Akasema neno moja.

"Anasema," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "anasema: ilipokea."

Ingekuwa hadithi, ningeacha hapo. Lakini Mjomba hakutoka. Alikuwa amefungua mlango mmoja na sasa hakuweza kuushika mwingine.

"Na matawi," akasema.

Mama Fiston akageuka. "Matawi gani?"

"Yale ya barabarani. Sikuyaweka, mama. Nilisema ni ya dakika chache tu, breki ipoe niende, juu ya nini nishuke nikate matawi. Mawe niliweka. Matawi apana."

"Polisi waliyaona."

"Niliyakata baadaye."

"Baadaye wakati gani?"

Mjomba akaikunja kofia.

"Mutoto wangu akiwa chini?"

"Akiwa chini," Mjomba akasema.

Prof alikuwa anaongea. Hakuna aliyemwangalia, wala hakuna aliyeniomba nifasirie. Nilimwelewa. Alisema, "Hilo sikuuliza." Akarudia, kwa nguvu, kama mtoto anayevutwa nguo: hilo sikuuliza. Na mi, niliyebeba maneno yake yote miezi ile, hayo sikuyabeba. Yapo hapa tu.

Mama Fiston alisimama. Alikuwa mtulivu sana. "Kuganduka kutafanyika. Nadine ataolewa. Siku ile we ubaki kwako. Na ile kamiyo itoke kwa ukuta wangu."

Mjomba akatoka. Mimi nikamfuata, na nyuma yangu Mama Fiston akaupiga mlango, ule mlango ambao nyumba ile hakuna mtu aliyekubaliwa kuupiga. Ukuta ukatikisika. Nikiwa nje nilisikia, kwa ndani, gololi za fremu zinagusana, tik, tik, tik, kwa muda mrefu, zinapungua, na hakuna mtu wa kuziuliza kitu.

Ijumaa asubuhi nilitoka mapema na begi la shule. Kamiyo ilikuwa bado pale, kwenye ukuta, tanki halina mazutu, yaani dizeli, na mjini mazutu hakuna. Barabarani nyuma yake, kwenye mtaa wetu ambao hata velo zinapita polepole, kulikuwa na matawi mabichi yametandikwa. Mjomba alikuwa ameondoa mawe. Alikuwa peke yake, bega kwenye chuma, miguu inateleza kwenye mchanga, anasukuma kitu kisichoondoka. Dirisha la Prof lilikuwa wazi. Niliweka begi chini, nikaweka bega langu kando ya lake, pale palipobonyea, nikasukuma, upande uleule.